Darubini ya kioo cha milimita 130 kwa anayeanza: tathmini baada ya miezi kumi na minne

Usiku wa kwanza sikuona kitu. Nilielekeza darubini kwenye nyota iliyong'aa kuliko zote, nikachungulia, nikakuta giza. Nikaisogeza kidogo, giza tena. Baada ya nusu saa ikaingia nyota moja, imevimba kama donge la pamba, na katikati yake tundu jeusi. Nikaamini nimeuziwa kitu kibovu. Leo, kwa darubini ileile, vioo vilevile, nimeona pete za Zohali, nimefuata miezi ya Mshtarii ikizunguka usiku baada ya usiku, na nimehesabu nyota nne ndogo zilizobanana ndani ya nebula ya Jabari, lile wingu la gesi na vumbi lililo angani. Kwa hiyo hukumu yangu naitoa mapema: ni darubini nzuri, tena nzuri sana kwa ukubwa wake, ila inakuja bila maelezo. Kijitabu chake ni kurasa chache za michoro ya skrubu. Niliyoyapata kwa kuhangaika ndiyo ninayoyaandika hapa.

Kazi yangu ni ushonaji. Falaki sikuisomea popote, na namba zilizoandikwa ubavuni mwa bomba, 130 na 650, hazikuniambia kitu nilipofungua kasha. Sasa zinaniambia karibu kila kitu. Ya kwanza ni upana wa kioo kikubwa kwa milimita, na ndiyo ya kuangaliwa kabla ya nyingine yoyote, maana darubini ni chombo cha kukinga nuru kama pipa linavyokinga mvua: mdomo ukiwa mpana, linakinga zaidi. Mboni ya jicho ikifunguka kabisa gizani hufika kama milimita 7, hivyo kioo cha 130 kinakusanya nuru takriban mara 340 ya jicho tupu. Namba ya pili ni urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye kioo hadi pale nuru inapokutana. Igawanye kwa namba iliyo kwenye lenzi ya kutazamia, utapata ukuzaji. Kasha lilikuwa na lenzi mbili: ya milimita 25, inayokuza mara 26, na ya milimita 10, inayokuza mara 65.

Hiyo 65 ilinisikitisha, kwa sababu nilikuwa nimeona makasha ya darubini ndogo zaidi, za milimita 76, yameandikwa mara 525. Usiifuate namba hiyo. Wazoefu huchukua upana wa kioo kwa milimita wakazidisha kwa mbili, na hapo ndipo mwisho. Kwa yangu ni mara 260, tena hewa ikiwa imetulia kweli, na usiku mwingi haikuruhusu kufika huko. Ukipita mpaka huo unachokuza ni ukungu, kama picha ndogo ya simu inayopanuliwa mpaka inabaki miraba.

Muundo wenyewe ni wa Isaac Newton, aliyetengeneza darubini ya kwanza ya namna hii mwaka 1668. Lenzi za wakati wake ziliacha kingo za rangi kuzunguka kila kitu kinachong'aa, yeye akatumia kioo cha madini kilichobonyea badala ya lenzi. Nuru inaingia mdomoni mwa bomba, inashuka mpaka kwenye kioo kikubwa kilicho chini, inarudishwa juu, inagonga kioo kidogo kilicholazwa nyuzi 45, kisha inatokea ubavuni. Ndiyo maana unachungulia kwa upande, karibu na mdomo. Kila mgeni niliyemkaribisha atazame alikwenda kwanza kuinama nyuma ya bomba.

Kitako, yaani kile kinacholibeba bomba, kina historia nyingine. John Dobson wa San Francisco, Marekani, ndiye aliyekieneza tangu miaka ya 1960, akitumia mbao na maboksi, akiziweka darubini zake kando ya barabara ili wapita njia watazame bure. Hakina gia wala uzani wa kusawazisha. Kinazunguka kama sahani, bomba linainuka na kushuka kama mzinga wa vita, na linabaki pale ulipoliacha. Anayenunua darubini yake ya kwanza achague kitako hiki. Nimewahi kuazima darubini ya ukubwa kama huu iliyofungwa juu ya stendi nyembamba ya miguu mitatu yenye mihimili ya kuelekezwa kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zinaonekana kupazunguka. Kila nilipogusa gurudumu la fokasi, nyota ilicheza sekunde kadhaa kabla ya kutulia. Kwa mpiga picha mwenye stendi nzito ni habari tofauti, lakini stendi nyepesi inamkatisha tamaa anayeanza kabla hajaona chochote.

Changu ni kifupi, cha kuwekwa juu ya meza, na hapo ndipo lilipokuwa kosa langu la kwanza. Meza yangu ya kukatia vitambaa ina miguu minne na mmoja haugusi sakafu sawasawa. Darubini ikikuza mara 65, inakuza na mtikisiko. Nikahamia kwenye stuli ya miguu mitatu, ambayo haiyumbi hata ardhi ikiwa na mabonde, na pembeni nikaweka kiti cha kukalia. Usitazame umeinama. Mgongo ukiuma jicho halitulii, na vitu vingi vya angani vinahitaji jicho lililotulia dakika nzima.

Kosa la pili lilikuwa kitafutio, kile kidude chenye nukta nyekundu kinachokaa juu ya bomba. Nilidhani kimeletwa kikiwa kimeshanyooshwa. Kwa lenzi ya milimita 10 unaona kipande cha anga kisichofika digrii moja, na kukiwekea nyota ndani yake bila kitafutio kilichonyooka ni kutunga uzi gizani. Kazi hii ifanye mchana, jua likiwa mgongoni mwako. Weka lenzi ya 25, tafuta kitu kilicho mbali sana; mimi nilitumia ncha ya mnara wa simu. Ilete katikati ya lenzi. Itaonekana imepinduka juu chini, usijali, nyota hazina kichwa wala miguu. Kisha, bila kugusa bomba, zungusha vigurudumu vya kitafutio mpaka nukta ikalie ncha ileile. Dakika tano tu, na usiku wa siku hiyo nilimpata Mshtarii kwa jaribio la kwanza.

Kwa kuwa nimetaja jua, niseme kabisa. Kamwe usielekeze darubini kwenye jua, hata kwa kupitisha tu. Kioo kinachokusanya nuru mara 340 kinakusanya na moto wake, na sehemu ya nyuma ya jicho inaungua bila kukupa maumivu ya kukuonya. Kinachofaa ni kichujio cha jua kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kinachofunika mdomo wote wa bomba kwa mbele. Vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya kutazamia vinaweza kupasuka kwa joto wakati jicho lako liko palepale. Ukikuta kimoja kwenye kasha, kitupe. Ninaye binti wa miaka tisa, na mchana darubini yetu haikai bila kifuniko.

Sasa lile donge la pamba. Lilikuwa ni nyota iliyo nje ya fokasi, na tundu jeusi lilikuwa kivuli cha kioo kidogo. Zungusha gurudumu polepole, donge linajikusanya, linajikusanya, mpaka linakuwa nukta kali. Hapo simama. Wengi huendelea kuzungusha wakidhani nyota inazidi kukua, kumbe inazidi kuharibika: nyota ziko mbali kiasi kwamba katika darubini kama hii hubaki nukta siku zote. Nami nilikuwa nikichungulia na miwani yangu ya kusomea usoni. Niliivua, kwa sababu fokasi yenyewe inafidia jicho lisiloona karibu au lisiloona mbali. Mwenye astigmatizimu kali, yaani jicho lisilo duara sawasawa, ndiye anayehitaji kubaki na yake.

Nilipojua fokasi, nyota zikawa nukta, lakini kila nukta ilikuwa na mkia upande mmoja kama mkia wa samaki. Hili lilinichukua wiki tatu kulielewa. Vioo vilikuwa vimehama safarini, na darubini ya aina hii haikupi picha safi vioo visipotazamana sawasawa. Wanaouza wanasema kazi hiyo imeshafanywa kiwandani, na pengine ni kweli, lakini kasha limepakiwa, limepakuliwa na kurushwa njiani. Kifaa cha kunyooshea hakikuwemo. Nilichukua kile kifuniko cha plastiki kinachoziba tundu la lenzi, nikapima katikati yake kama ninavyopima mahali pa kifungo, nikatoboa kwa sindano ya gunia niliyoichoma motoni. Lenzi ikitoka, kifuniko kinarudi mahali pake, unachungulia kwa kile kitundu.

Mwanzoni unaona duara ndani ya duara ndani ya duara, na zote zinachanganya. Nenda moja baada ya nyingine. Duara la nje ni kioo kidogo. Ndani yake unaona kioo kikubwa kimeakisiwa, na pembezoni mwake vibanio vitatu vinavyokishika. Kama unaona viwili tu, kioo kidogo kimeinama. Legeza na kaza skrubu zake ndogo, robo ya mzunguko kwa robo, mpaka vyote vitatu viwe sawa. Katikati ya kioo kikubwa kiwanda kimebandika kijiduara, nacho ndicho shabaha yako ya pili. Kwa skrubu tatu zilizo nyuma ya bomba, sogeza mpaka akisi ya kitundu ulichotoboa ikae ndani ya kijiduara hicho. Fanya yote haya bomba likiwa limelazwa, ili ufunguo wa skrubu ukikuponyoka usianguke juu ya kioo. Mara ya kwanza ilinichukua saa nzima. Sasa dakika tatu zinatosha, na ninaangalia kila nikiihamisha. Usiku unahakiki kwa nyota: toa fokasi kidogo, na kivuli cheusi kiwe katikati ya donge. Usiku ule mkia wa samaki ulipopotea, nilimwamsha binti yangu aje aone nukta tupu.

Kasoro kubwa ya muundo ni bomba lenyewe. Ni la kuvutwa: nusu ya juu inashikwa na fito mbili tu, katikati wazi, ili darubini ifupike iingie kabatini. Ninaipenda kwa kuhifadhi, lakini taa yoyote iliyo kando inamwaga mwanga wake ndani, na pumzi yako mwenyewe inapita mbele ya vioo. Lawama hii nimeitatua kwa cherehani. Nilipima mzingo kwa tepu, nikakata kitambaa cheusi kisichong'aa, nikakishona mfuko usio na chini, lastiki juu na lastiki chini. Jaribio la kwanza liliharibika: kitambaa kililegea kikaingia ndani ya njia ya nuru, na nilijua pale tu nilipotoa fokasi nikaona donge la nyota limemegwa upande mmoja. Nikatia pindo mbili za katikati na kupitisha ndani yake waya uliokunjwa duara, mfuko ukasimama. Asiyeshona anaweza kutumia karatasi nene nyeusi iliyoviringishwa. Tofauti utaiona kwenye usuli wa anga: kabla ulikuwa wa kijivu, sasa ni mweusi, na nyota hafifu zimeongezeka.

Kasoro ya pili ni fokasi ya kuzungusha kama kifuniko cha chupa. Nyuzi zake zimelegea na picha inaruka ukigusa. Utepe mweupe mwembamba wa mafundi bomba, mizunguko miwili mitatu juu ya nyuzi hizo, umemaliza tatizo. Lenzi ya milimita 10 nayo ni dhaifu kidogo, kingo zake hazina ukali. Ya 25 ni safi.

Yapo mawili zaidi ambayo si ya darubini bali ya kusubiri. Kioo kikitoka ndani ya nyumba yenye joto kwenda nje penye baridi, hewa iliyokigusa inachemka polepole mbele yake na sayari inacheza kama kitu kinachotazamwa juu ya lami ya adhuhuri. Itoe nje nusu saa kabla. Na macho nayo yanataka muda wao, dakika 20 hadi 30 gizani, na mwanga mmoja wa simu unaufuta muda wote huo. Mimi nina tochi niliyoifunika kitambaa chekundu tabaka mbili. Mwanga mwekundu hafifu hauliumizi jicho lililozoea giza.

Anza na mwezi, lakini usianze na mwezi mpevu. Ukiwa umejaa, jua linaupiga moja kwa moja, hakuna vivuli, unaona sahani nyeupe inayoumiza jicho. Uangalie ukiwa nusu, na utazame pale nuru inapopakana na giza. Kreta, yale mashimo ya duara, zinajaa kivuli kama bakuli zilizotiwa wino, na nje ya mpaka, ndani ya giza, utaona nukta moja moja za mwanga zilizojitenga: ni vilele vya milima ambavyo jua limeshavifikia na bonde bado. Ukikaa saa mbili utaona mwanga unashuka mlimani. Hilo sikuliona kwenye picha yoyote.

Kwa vitu vya mbali, jiandae kuona kijivu. Picha za nebula za rangi ya waridi na buluu zimekusanywa na kamera kwa dakika au saa nyingi, ilhali jicho kwenye mwanga hafifu haling'amui rangi. Nebula ya Jabari, iliyoko miaka ya nuru kama 1,300, ni wingu la kijivu lenye mabawa mawili, na ndani yake zile nyota nne zilizozaliwa humohumo. Usiikazie macho. Tazama kando yake kidogo, na mabawa yanarefuka, kwa kuwa pembezoni mwa jicho ndiko kunakoona vizuri gizani. Galaksi ya Andromeda inaonekana kama alama ya kidole kwenye kioo. Nilitaka kuikatia tamaa, halafu nikakumbuka kwamba nuru ile iliyoniingia jichoni ilikuwa njiani miaka milioni 2.5, nikarudi kuitazama tena. Kilimia ndicho kipenzi cha lenzi ya 25: kundi zima linaenea ndani yake, nyota za buluu zilizotawanyika kama shanga, na ukipandisha ukuzaji unalipoteza. Zohali kwa mara 65 ni mdogo, mdogo kuliko unavyotarajia, lakini pete ni pete. Mwaka 2025 zilitugeuzia ubavu zikawa kama sindano iliyochoma ushanga, na sasa zinafunguka taratibu mwaka hadi mwaka, kwa hiyo anayeanza sasa atazidi kuziona zikipanuka.

Nani asiinunue? Anayetaka kupiga picha za angani, kwa sababu kitako hakifuati mzunguko wa dunia; kwa mara 65 sayari inavuka lenzi nzima kwa muda usiozidi sana dakika tatu, na unaisukuma kwa mkono. Pia asiye na mahali imara pa kuiwekea. Wengine wote, ichukueni. Nyongeza ninayoshauri ni lenzi ya Barlow ya mara mbili, inayowekwa kabla ya lenzi ya kutazamia na kuzidisha ukuzaji wake kwa mbili, hivyo inazigeuza lenzi zako mbili kuwa nne: 26, 52, 65 na 130. Kioo kikishika vumbi, kiache. Vumbi halionekani kwenye picha, ila mikwaruzo ya kitambaa haifutiki, nami nasema hivi nikiwa mtu ninayeishi na vitambaa.

Kilichobaki ni Mshtarii. Galileo aliielekezea darubini yake Januari 1610, ikikuza kama mara 20, akaona vinukta vilivyobadili mahali kila usiku, na hiyo ni chini hata ya ukuzaji wa lenzi yangu ya 25. Nikamwambia binti yangu tufanye alivyofanya. Tulichukua karatasi za kuchorea ruwaza za nguo, tukakata vipande virefu, kila usiku wenye anga safi tunachora duara katikati na nukta pembeni, tarehe na saa. Vinukta hivyo ni miezi minne mikubwa ya Mshtarii: mmoja wao, Io, anazunguka kwa siku 1.77, mwingine, Kallisto, anachukua karibu siku 17, na ukibandika vipande hivyo ukutani kimoja chini ya kingine unaanza kuona nukta zikienda na kurudi, moja upesi, nyingine kwa uvivu.

Usiku wa kipande cha kumi na tisa nukta zilikuwepo tatu tu. Tulifuta lenzi, tukahakiki fokasi, tatu. Nikaingia ndani kumalizia upindo wa suruali ya mteja, yeye akabaki kwenye kiti na tochi nyekundu mapajani, akisukuma bomba kidogo kidogo sayari isimkimbie. Saa tatu na dakika arobaini usiku nikasikia, "Mama, njoo, kuna kitu kinamtoka ubavuni!" Nilipofika nukta ilikuwa bado imegusa ukingo wa sayari, kama uvimbe. Tukapokezana lenzi mpaka tukaona uzi mwembamba wa giza kati yake na Mshtarii, naye akaandika saa kwenye kipande kwa penseli, akaichora nukta ya nne.